Operesheni Imefanikiwa, Nani Anakesha?

Kabla tumbo la mgonjwa aliyepandikizwa ini halijafungwa, madaktari waliomzunguka hutafuta dalili moja ya zamani kuliko mashine zote zilizomo chumbani: nyongo. Mishipa ya ini jipya ikishaunganishwa na damu ikaanza kupita, ini hubadilika kutoka kijivu kilichofifia hadi wekundu wenye ukahawia. Baada ya muda, kimiminika cha rangi ya dhahabu iliyokolea huanza kuchuruzika kwenye mrija wake. Hapo wote hushusha pumzi. Nje, kwenye benchi za korido, ndugu waliokaa tangu alfajiri huambiwa maneno mawili, na muda si mrefu maneno hayo yameshafika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kutoka Mwanza hadi Mombasa hadi Muscat: operesheni imefanikiwa.

Maneno hayo ni ya kweli. Ila ndugu huyapokea kama tamati ya habari, ilhali kwa daktari wa ini habari ndiyo kwanza inaanza. Upasuaji wenyewe humalizika kwa saa sita, nane, pengine 12. Kinachofuata humalizika siku mgonjwa atakapokufa kwa uzee au kwa jambo jingine. Swali la kama imefanikiwa tunaliuliza mapema mno, tena tunamuuliza bingwa ambaye usiku wa manane hatakuwapo wodini.

Fani hii ilianza kwa msiba. Tarehe 1 Machi 1963, mjini Denver, Marekani, Thomas Starzl alimpandikiza ini mtoto wa miaka mitatu aliyezaliwa na kasoro ya mirija ya nyongo. Damu ilikataa kukata, mtoto akafia mezani. Wagonjwa waliofuata walipewa dawa za kugandisha damu, nazo zikafanya kazi kupita kiasi: mabonge ya damu yalijitengeneza kwenye mipira iliyotumika kuipitisha damu kando wakati wa upasuaji, yakasafiri hadi mapafuni. Waliookoka kuvuja damu wakauawa na damu iliyoganda. Starzl akaweka visu chini hadi 1967, aliporudi na kumpandikiza mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye aliishi zaidi ya mwaka mzima kabla saratani yake haijarejea. Anayekielewa kisa hicho ameshaelewa nusu ya matatizo ya wagonjwa hawa hadi leo, kwamba kinga ya hatari moja ndiyo inayofungua mlango wa hatari ya pili.

Mwaka 1968 Roy Calne alianza kupandikiza ini huko Cambridge, Uingereza, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ni yeye aliyewatangulia wengine kuwapa wagonjwa siklosporini, dawa ya kuituliza kinga ya mwili isilishambulie ini geni. Kabla ya dawa hiyo, wengi hawakuumaliza mwaka. Baada yake, mambo yalibadilika kiasi kwamba mwaka 1983 kikao cha wataalamu kilichoitishwa na taasisi za taifa za afya za Marekani kilikubali kuwa kupandikiza ini ni tiba, si jaribio tena. Takrolimusi, inayotumiwa na wagonjwa wengi leo, ilianza kutolewa Pittsburgh mwaka 1989. Siku hizi, kwenye vituo vyenye uzoefu, takriban wagonjwa tisa kati ya kumi huwa hai mwaka mmoja baada ya upasuaji. Lakini kuwa hai si sawa na kutopata tatizo. Wengi wa hao tisa walipata, tena zaidi ya moja.

Siku za mwanzo kinachoogopwa zaidi ni ateri ya ini. Ni mshipa wenye upana wa milimita chache, na kwa mtoto, au kwa kipande cha ini kilichokatwa kutoka kwa ndugu aliye hai, huwa mwembamba zaidi. Damu ikiganda ndani yake, hasara haiishii kwenye ini. Ini hupata damu kwa njia mbili, ateri na mshipa mkubwa unaotoka kwenye utumbo, hivyo mtu angedhani moja ikiziba nyingine itabeba. Kwa nyama ya ini huenda ikabeba kwa muda. Mirija ya nyongo ya ini lililopandikizwa, hata hivyo, hulishwa na ateri peke yake. Ikikosa damu hiyo huoza polepole. Kwa sababu hiyo katika wiki ya kwanza mgonjwa hupimwa kwa ultrasaundi mara kwa mara, hata akiwa hana malalamiko yoyote. Anaweza kuwa ameketi kitandani anakunywa uji na kucheka na wageni, kumbe mshipa umeshaziba.

Mirija ya nyongo nayo ina visa vyake. Huvuja pale iliposhonwa, au husinyaa baada ya miezi, hata miaka. Tafiti nyingi huweka tatizo hili kati ya mgonjwa mmoja kwa kila kumi na mmoja kwa kila wanne. Macho huwa ya manjano, mkojo hufanana na chai ya rangi, mwili huwasha, homa huja na kutetemeka. Mara nyingi daktari hupitisha mpira wenye kamera mdomoni hadi kwenye utumbo na kuzibua kwa kuweka kimrija kidogo; mara chache tumbo hufunguliwa upya. Nimeona watu wakiitafsiri homa ya namna hii kuwa malaria na kuanza dozi nyumbani. Kwa mtu mwingine hilo ni kosa dogo. Kwa huyu ni siku mbili alizopoteza.

Halafu kuna mwili kulikataa ini, jambo ambalo watu hulidhania kuwa vurugu ya ghafla. Kwa kawaida halina kelele kabisa. Hutokea zaidi katika miezi mitatu ya kwanza, bila maumivu, likajulikana tu kwa majibu ya damu ya asubuhi yaliyopanda kuliko ya jana. Likiwahiwa, dozi kubwa za steroidi hulituliza mara nyingi. Steroidi nazo hupandisha sukari na kuwapa vijidudu nafasi. Katika mwezi wa kwanza vijidudu vyenyewe ni vya hospitalini, vinavyopitia sindano ya dripu, mpira wa mkojo au mashine ya kupumulia. Baadaye hujitokeza vile vilivyokuwa vimelala mwilini siku zote: virusi vya sitomegalo, fangasi, na kwetu sisi zaidi ya vyote, kifua kikuu.

Matatizo mengi kiasi hiki yalihitaji kipimo, na hapa kuna mtu anayestahili kujulikana nje ya vyumba vya upasuaji. Mwaka 1992 Pierre-Alain Clavien, bingwa wa upasuaji wa ini, pamoja na wenzake, walipendekeza njia ya kuyapanga matatizo ya baada ya operesheni, na mwaka 2004 akiwa Zurich waliirekebisha ikawa hii inayotumika duniani kote. Uzuri wake ni kwamba haimuulizi daktari anavyojisikia. Inauliza alilazimika kufanya nini. Daraja la kwanza ni mgonjwa kutoka kidogo kwenye njia iliyotarajiwa bila kuhitaji tiba maalumu. La pili ni kuhitaji dawa za ziada au kuongezewa damu. La tatu ni kurudishwa kwa ajili ya kuzibuliwa au kupasuliwa tena. La nne ni kiungo kushindwa kazi na mgonjwa kuhitaji uangalizi wa mahututi. La tano ni kifo. Daktari anaweza kusema donda lilichafuka kidogo tu. Kama mgonjwa alirudishwa chumba cha upasuaji na kulazwa usingizi, ni daraja la tatu, hata litamkwe kwa sauti ya upole kiasi gani. Kwa maoni yangu kila familia inayopanga safari ya kwenda kupandikiza ingeuliza kituo kimepata mangapi ya daraja la tatu kwenda juu kwa mwaka uliopita. Kituo kisichoweza kujibu hakijahesabu.

Familia ina sababu ya pili ya kuuliza. Wagonjwa wetu wengi wa ini huishia India, na sheria ya India ya viungo vya binadamu, ya 1994 pamoja na marekebisho yake, haimruhusu mgeni kupewa ini na Mhindi asiye ndugu yake wa karibu. Kwa hiyo ukoo husafiri na mchangiaji wake: kaka, binti, mke. Wakienda wanakuwa na mgonjwa mmoja. Baada ya upasuaji wanakuwa nao wawili, mmoja wao akiwa aliyeingia hospitalini kwa miguu yake, mzima. Mtu mzima anapompa mtu mzima mwenzake, mara nyingi hukatwa upande wa kulia, ambao ni zaidi ya nusu ya ini. Kilichobaki hukua kwa kasi ya kushangaza na kurudia sehemu kubwa ya ukubwa wake ndani ya miezi michache. Lakini tafiti za Marekani zilionyesha kuwa karibu wachangiaji wanne kati ya kumi hupata tatizo la kiwango fulani, mengi madogo, na hatari ya kufa hukadiriwa kuwa kati ya mmoja na watano kwa kila wachangiaji 1,000.

Januari 2002, katika hospitali moja kubwa ya New York, mwanamume mwenye afya njema alimpa ndugu yake wa damu sehemu ya ini lake. Upasuaji ulikwenda sawa. Siku ya tatu alianza kutapika damu, akafa. Uchunguzi wa idara ya afya ya jimbo haukukuta mkono uliotetemeka wala mshipa uliokatwa vibaya. Ulikuta ratiba ya zamu: daktari wa mwaka wa kwanza wa mafunzo, mwenye siku 12 tu kwenye kitengo hicho, alikuwa ameachiwa wagonjwa 34 peke yake. Mpango wa kupandikiza kutoka kwa wachangiaji walio hai ukasimamishwa hospitalini hapo, na jimbo likaweka masharti mapya ya uangalizi wao.

Ratiba ya zamu. Ukisoma habari za watu wanaodhurika hospitalini, si wa ini tu, utakuta jambo hilo likijirudia kila mahali. Mwaka 2009 watafiti wa Michigan waliwachambua wagonjwa 84,730 waliopasuliwa katika hospitali za Marekani, wakalinganisha hospitali zenye vifo vingi na zenye vifo vichache. Mtu angetegemea zenye vifo vingi ziwe na matatizo mengi zaidi. Hazikuwa nayo. Wagonjwa waliopata tatizo walikuwa asilimia 24.6 upande mmoja na asilimia 26.9 upande wa pili, karibu sawa. Tofauti ilikuwa kwa waliopata tatizo kubwa: kwenye hospitali mbaya asilimia 21.4 yao walikufa, kwenye hospitali nzuri asilimia 12.5. Kote wagonjwa walivuja damu, walipata nimonia, walizibwa mishipa. Mahali pamoja mtu aliona mapema na mwingine akaja mbio.

Kwetu Afrika picha ni kali zaidi. Utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2018 uliwafuatilia wagonjwa 11,422 waliopasuliwa katika hospitali 247 za nchi 25 za bara hili, kila hospitali kwa wiki moja. Wagonjwa walikuwa vijana kuliko wa nchi tajiri, na kwa sehemu kubwa wenye afya nzuri zaidi kabla ya kupasuliwa. Hata hivyo waliokufa walikuwa mara mbili ya wastani wa dunia, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo vilitokea baada ya siku ya operesheni. Yaani walifia wodini, ndugu wakiwa wameshatumiana ujumbe wa shukrani.

Anayeijua wodi ya upasuaji ya hospitali ya rufaa hahitaji kuelezwa sababu. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku anaweza kuwa na vitanda 30, na wengine wamelala chini. Presha hupimwa jioni na asubuhi. Katikati ya hapo mlinzi wa kweli ni shangazi aliyekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya kitanda. Yeye ndiye atakayesema, "Sista, samahani, mgonjwa wangu naona amebadilika." Sentensi hiyo ni taarifa ya kitabibu. Haina namba, lakini imetolewa na mtu anayeujua uso wa mgonjwa kwa miaka 40, na mara nyingi huitangulia mashine. Muuguzi aliyechoka huenda akamjibu, "Mama, subiri nje, muda wa kuona wagonjwa umekwisha." Sina nia ya kumlaumu muuguzi, mwenye vitanda 30 hana pa kuuweka wasiwasi wa mtu wa 31. Ila ni ajabu kwamba hospitali zetu zinamtegemea shangazi huyu kumlisha mgonjwa, kumgeuza asipate vidonda vya kulalia na kukimbilia duka la dawa kununua glovu, halafu neno lake haliandikwi popote kwenye faili.

Watafiti walewale wa Afrika waliliona pengo hilo la uangalizi, wakalifanyia majaribio. Wagonjwa wenye hatari kubwa walitakiwa kupimwa mara nyingi zaidi, kuhamishiwa vitanda vinavyoonekana kutoka kwenye meza ya wauguzi, kuwekewa mwongozo kando ya kitanda, na ndugu kuruhusiwa kubaki nao. Majibu yalitoka 2021, na hayakufurahisha: vifo havikupungua. Napenda kuwa waliyachapisha hivyohivyo. Ninavyoyasoma, shangazi akiona na sista akiitika, bado anahitajika daktari wa kuitwa, na daktari naye anahitaji damu iliyopo benki, chumba cha upasuaji kinachofunguka saa tisa usiku na mtaalamu wa usingizi ambaye hayuko hospitali nyingine. Macho peke yake hayatibu.

Yapo yaliyofaulu bila gharama kubwa. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, Morogoro, ilikuwa mojawapo ya hospitali nane duniani, pamoja na za London, Toronto na New Delhi, zilizoijaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya kuhakiki usalama kabla, wakati na baada ya upasuaji. Ni maswali 19: jina la mgonjwa ni nani, anapasuliwa wapi, antibayotiki imetolewa, damu ipo, vitambaa vimehesabiwa. Matokeo yalipotangazwa Januari 2009, vifo kwenye hospitali hizo nane kwa jumla vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo hata hivyo inaishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Mgonjwa wa ini huupita mlango huo na milango mingine mingi. Hukaa wiki kadhaa karibu na hospitali iliyompandikiza, kisha hupanda ndege kurudi nyumbani na mfuko wa dawa. Hapo mabingwa waliomkeshea wanabaki Chennai au Delhi, na kazi yao inahamia kwa watu ambao hawakuwahi kuajiriwa kuifanya: mkewe, mganga wa kituo cha afya, kijana wa duka la dawa muhimu mtaani.

Takrolimusi ni dawa yenye njia nyembamba. Ikizidi kwenye damu, mikono hutetemeka, figo huchakaa, sukari hupanda. Ikipungua, kinga huamka na kulivamia ini. Na kiwango chake huyumbishwa na dawa za kawaida kabisa. Flukonazoli ya fangasi, ambayo mtu huinunua bila cheti, hukipandisha. Erithromaisini na klarithromaisini hukipandisha pia. Hata balungi. Rifampisini, nguzo ya tiba ya kifua kikuu, hukishusha vibaya ndani ya siku chache, kwa kuwa huliamsha ini kuivunjavunja takrolimusi kwa haraka. Mgonjwa aliyegundulika kuwa na kifua kikuu akaanzishiwa dozi ya bure, sahihi kwa kila kanuni ya mpango wa taifa, anaweza kulipoteza ini lake kwa tiba iliyotolewa kwa usahihi. Wanaolijua hili humbadilishia dawa au humwongezea takrolimusi na kumpima damu kila baada ya siku chache. Mitishamba ya ini ndiyo inayonitisha zaidi, kwa kuwa huja na upendo: mama mkwe ameisafirisha kutoka kijijini, nani atakataa?

Mchanganyiko mgumu wa dawa unawezekana, mradi uangalizi uwe wa karibu. Mwaka 2017 Johannesburg, kwenye kituo cha Wits Donald Gordon, mama anayeishi na virusi vya UKIMWI alimpa mwanawe asiye na virusi sehemu ya ini, baada ya mtoto kukaa muda mrefu kwenye orodha bila mchangiaji mwingine kupatikana. Madaktari walijua wanaweza kumwambukiza. Walimwanzishia mtoto dawa za kufubaza virusi kabla ya upasuaji, na habari ikatangazwa mwaka uliofuata. Waliichagua hatari wanayoweza kuifuatilia badala ya kifo ambacho kilikuwa dhahiri. Baadhi ya dawa za virusi, hasa zenye ritonaviri, huipandisha takrolimusi mara nyingi kupita kiasi, kwa hiyo kuzichagua ni sehemu ya tiba yenyewe.

Hatuanzii sifuri. Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018, na Kenyatta ya Nairobi ilikuwa imetangulia kwa miaka mingi. Dawa za figo iliyopandikizwa ni hizihizi za ini, na kliniki zao zina watu waliozizoea. Mgonjwa wa ini aliyerudi nyumbani anapaswa kuandikishwa huko mapema, akiwa mzima, asisubiri hadi macho yawe ya manjano.

Kliniki hizo ziko katika miji mikubwa, na kipimo cha takrolimusi hakifanyiki katika kila maabara. Dawa humezwa kila baada ya saa 12, na damu hutolewa asubuhi kabla ya dozi, kwa sababu kinachotafutwa ni kiwango cha chini kabisa kilichobaki mwilini. Mgonjwa anayetoka Songea kwa basi la usiku, akashuka Dar es Salaam alfajiri na kukimeza kidonge chake stendi asije akakosea saa, atapata jibu lililo juu isivyo kweli. Daktari asiyemuuliza amemeza saa ngapi atampunguzia dozi, naye atarudi Songea kulipoteza ini taratibu. Swali hilo moja huchukua sekunde tano, na fomu ya maabara ingeweza kuwa na mstari wake.